Pengo Kwenye Ubao wa Soketi

Tulipokwisha kumzika Kariuki, na watu walipoanza kupanga foleni ya chakula, mwanawe wa kwanza alinishika kiwiko. "Mzee Wafula, ukishakula usituache," alisema. "Kuna vyombo vya kazi vya baba nataka uvione kabla hatujagawana." Huyo ni Njoroge, ambaye nilimjua akiwa wa kubebwa mgongoni na sasa ana kitambi na funguo za gari. Nikamwambia sitaondoka. Habari za kifo nilikuwa nimezisikia kwenye redio, kwenye matangazo ya vifo ya mchana, jina lake likiwa katikati ya majina ya watu nisiowajua. Siku hiyo ya tangazo nilimaliza chakula changu, nikaosha sahani, nikaenda kwenye gereji nyuma ya nyumba yangu na kusimama mbele ya ubao wangu wa soketi za kufungulia nati. Mke wangu huucheka ubao huo kila akiuona, kwa sababu soketi ndogo iko karibu na kubwa, na nyingine imewekwa peke yake huko juu, kama zilizoangikwa na mtu gizani. Huwa namwambia ndivyo nilivyofundishwa. Nilisimama pale nikingoja kama kuna kitu kitakuja, machozi au hata uzito kifuani, na hakikuja. Kule kaburini Kiamunyi pia hakikuja. Nilitupa udongo wangu kama wengine, nikapangusa mikono. Ganzi hiyo naijua. Ilinijia kwa mara ya kwanza mwaka ule ninaotaka kuueleza hapa, na sidhani imewahi kunitoka yote.

Mwaka wenyewe ulikuwa wa hamsini na tatu, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nimeajiriwa na Bwana Pritam, fundi wa malori ambaye watu wa lokesheni, mtaa wa Waafrika, walimwita Kalasinga tu, kama walivyomwita kila mwenye kilemba. Gereji yake ilikuwa nyumbani kwake. Ilijengwa kwa ajili ya gari moja dogo la familia, lakini yeye alikuwa ameubomoa ukuta wa nyuma, akaongeza mabati na kuchimba shimo la kuingilia chini ya lori, hata gari la familia likabaki kulala nje chini ya turubai. Mle ndani palinuka grisi na mafuta ya taa, na miezi ya kiangazi vumbi jeupe la ziwa liliingia kwa upepo likakaa juu ya kila kitu chenye mafuta, mpaka ungedhani tunatengeneza mikate. Mlango wa jikoni ulitazamana na mlango wa gereji, na kati yake palikuwa na hatua chache za saruji. Kwa hiyo tulisikia kila kitu kilichosemwa jikoni, na jikoni walisikia kila kitu tulichosema sisi, pamoja na matusi tuliyozitukania bolti na nati zenye kutu.

Sisi mafundi tulikuwa wawili, mimi na Kariuki. Yeye alinizidi umri, alikuwa na mke na mtoto, na alikuwa ameanza kazi hapo kabla yangu. Mchana mke wa Bwana Pritam, tuliyemwita Mama Jasbir, alituletea chapati na dengu kwenye sahani za bati, na kando yake kijiko cha achari ya ndimu. Kariuki hakuchoka kunitania. "Wafula, acha hiyo achari. Ukiizoea, mwezi ujao utafunga kilemba." Mama Jasbir naye akajibu kutoka jikoni, "Wewe Kariuki nakula kila siku, kilemba iko wapi?" Tulicheka huku tumekaa kwenye matairi, na hata sasa nikisikia harufu ya ndimu iliyochachuka naona magoti ya Kariuki, yaliyojaa grisi, na sahani juu yake.

Soketi, kwa asiyezijua, ni kikombe kidogo cha chuma. Upande mmoja una mdomo unaoingia juu ya nati, upande wa pili una tundu la mraba la kuchomeka mpini. Kila saizi ya nati ina soketi yake, na ukikosa moja kazi inasimama. Za Bwana Pritam zilitoka kwenye masanduku ya jeshi yaliyouzwa baada ya vita, kila moja na chapa ya kiwanda tofauti, nyingine nyeusi na nyingine zilizopauka. Alipozinunua zilikuwa zimechanganyika kwenye debe, na kutafuta moja kulikuwa kama kutafuta jiwe kwenye mchele. Kariuki ndiye aliyepiga misumari kwenye ubao wa mvule, akauning'iniza ukutani kando ya shimo, akaziangika. Lakini hakuzipanga kwa saizi. Alizipanga kwa kazi. Zile tulizotumia kila wakati zilikaa usawa wa kifua upande wa mkono wa kulia, na ile inayofuata kazini ilikaa karibu na ile inayotangulia. Soketi ya nusu inchi, tuliyoiita nusu tu, ilikaa jirani na moja ndogo sana, kwa sababu ukishusha giaboksi ya lori unaanza na hiyo nusu halafu unaitaka hiyo ndogo. Kubwa za magurudumu zilikuwa chini kabisa, ambapo mtu aliyechuchumaa anazifikia. Juu kulikuwa na misumari mitupu ambayo Kariuki aliiachia soketi ambazo huenda tungezipata siku moja. Fundi aliyekuwa ndani ya shimo aliweza kuinua mkono bila kuangalia, ukateremka na kitu sahihi. Mimi nilichukua miezi kuuzoea ubao ule, na nilipouzoea sikuwa tena na haja ya macho.

Kulikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, ukitoa soketi unaacha kwenye msumari wake kifuniko chako cha soda, kilichotobolewa tundu. Cha Kariuki kilikuwa cha rangi ya machungwa, changu chekundu. Kwa njia hiyo ilijulikana nani anayo, na kifuniko kikiwa pale hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kukigusa, hata Bwana Pritam mwenyewe. Ya pili ilikuwa kwamba soketi haiwekwi chini. Si kwenye udongo, si juu ya bampa, si ukingoni mwa shimo. Ukishaitoa kwenye mpini, inaingia mfuko wa kulia wa ovaroli, na inakaa humo mpaka irudi ubaoni. "Hii kitu nikiona chini," Bwana Pritam alikuwa akisema, "mimi nachukua kama mtu ametupa." Kariuki aliishika sheria hiyo kuliko mwenye gereji. Nilimwona mara nyingi akipapasa mfuko wake wakati wa chakula, kuhakikisha.

Siku waliyokuja askari tulikuwa tumeingiza lori la mahindi kutoka Rongai, na Kariuki alikuwa shimoni akishusha giaboksi. Ilikuwa asubuhi, Mama Jasbir alikuwa anapepeta mchele mlangoni. Lori la askari lilisimama nje, likiwa limejaa wanaume waliochuchumaa. Walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuwatoa Wakikuyu, na hilo halikuwa jambo geni, tulikuwa tumeliona mitaa mingine wiki zilizotangulia. Askari mmoja alitazama kipande changu cha kitambulisho, akaona mimi si Mkikuyu, akanirudishia. Akainama juu ya shimo. "Wewe wa chini, toka." Kariuki alitoka, akafuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole kimoja kimoja, akatoa kipande chake. Askari hakukisoma sana. "Panda."

"Niage nyumbani?" Kariuki aliuliza.

"Utaaga ukirudi."

Kariuki alinigeukia. "Wafula, imebaki bolti moja ya juu. Shikilia na jeki, isije ikakuangukia." Akapanda, akachuchumaa pamoja na wengine, na lori likaenda. Nilishuka shimoni. Nilitafuta nusu sikuipata, nikaimalizia ile bolti kwa spana ya ringi, nikashusha giaboksi juu ya jeki kama alivyoniambia. Mchana nilikula. Nakumbuka vizuri kwamba nilikula chapati zangu na zake pia, kwa kuwa Mama Jasbir aliziweka pale kwa mazoea, na nilipozimaliza nilishangaa kuona sahani mbili tupu. Jioni tulipofunga ndipo Bwana Pritam alipoutazama ubao. Kifuniko cha rangi ya machungwa kilikuwa kwenye msumari wa nusu. Alinyoosha mkono, akakumbuka sheria yake mwenyewe, akaurudisha.

Baada ya siku kadhaa mke wa Kariuki alikuja, Njoroge akiwa mgongoni. Hakuingia gereji, alisimama kwenye zile hatua za saruji kati ya milango miwili. Niliacha kazi nikaenda kumsalimia. "Habari, Mama Njoroge."

"Si nzuri, baba. Wamemtenga na wengine."

"Kwa nini?"

"Walimpekua wakapata chuma mfukoni. Cha mviringo, kina tundu huku na huku. Wanasema ni kipande cha bunduki ya kujitengenezea. Yeye anasema ni cha kazi, wanasema kila mtu ana neno lake la kusema."

Hakuwa na haja ya kuendelea. Mwaka ule kupatikana na bunduki, au na kitu kilichoitwa sehemu ya bunduki, kulikuwa na adhabu moja, na watoto wa shule waliijua. Bunduki zile zilitengenezwa kwa vipande vya bomba. Mtu ambaye hajashika soketi maishani mwake akionyeshwa moja, nyeusi, yenye mafuta, iliyotolewa mfukoni mwa mtu wa kabila lile, ataona nini? Nilijibu moyoni, nikaona ni kweli, angeona bomba. Hao wengine waliokuwa kwenye lori walikuwa wakingoja kupelekwa kambini, kisha makwao. Kariuki alikuwa akingoja kitanzi kwa sababu hakuweka chombo chini.

Mama Njoroge alisema, "Nilidhani Bwana anaweza kwenda kuwaambia ni yake."

Bwana Pritam alikuwa mlangoni mwa jikoni, amesikia yote. Alijikuna ndevu. "Mimi nikienda kule kusema hii chuma ni yangu, watauliza umetengeneza ingine ngapi. Mimi iko watoto."

Mke wake akasema kitu kwa Kipunjabi, kirefu, bila kupaza sauti, huku akiendelea kukanda unga. Bwana Pritam alijibu maneno mawili. Mama Jasbir akasema tena, halafu akamgeukia Mama Njoroge, akatumia Kiswahili ili sisi sote tusikie. "Yeye naenda. Kesho. Wewe keti, kunywa chai, hiyo mtoto iko njaa."

Alikwenda kweli. Alivaa koti na kilemba kipya, akarudi kabla ya saa sita, akakaa juu ya tairi alilozoea kukalia Kariuki. Afisa aliyempokea alikuwa mgeni katika kazi hiyo na mwenye shughuli nyingi. Hakumtukana. Alimwambia tu kwamba kama chuma hicho kimetoka kwenye seti, ailete hiyo seti Jumatatu, aione.

"Basi tutapeleka ubao," Bwana Pritam alisema. "Ataona msumari iko tupu, ataona kifuniko. Imekwisha."

Jumapili alasiri nilikuja peke yangu kuupangusa ubao, usiende ukiwa na mavumbi. Nyumbani walikuwa wametoka kwenda hekaluni kwao, isipokuwa Mama Jasbir. Niliusugua, nikarudi nyuma hatua chache, na nikaanza kuutazama kama mtu wa ofisi atakavyoutazama. Nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu kujaribu kwa makusudi kutumia macho ya mtu mwingine, na nilichokiona kilinichosha. Niliona vyuma vya kila rangi na kila chapa vimeangikwa ovyo, kikubwa kando ya kidogo, na misumari mitupu zaidi ya mmoja. Ile nusu ingeweza kutoka hapo, au kwingine kokote. Pengo ambalo sisi tuliliona waziwazi, kwa sababu mikono yetu ilikuwa ikigonga hapo kila siku, kwa mgeni halikuwapo.

Mama Jasbir alinikuta nimekaa chini. Nikamweleza. Alisikiliza, akaingia jikoni, akarudi na lile bati lake la viungo, la mviringo, lenye vikombe ndani. "Angalia. Mimi najua hapa ni manjano, hapa ni jira, naweka mkono bila kuangalia. Dada yangu kutoka Kisumu akikuja kupika, kila kitu naharibu. Yeye napanga yake, mimi napanga yangu." Akafunga bati. "Huyo mzungu ni dada yangu. Panga yake."

Nilizitoa zote. Kila soketi ilikuwa na saizi yake imechongwa pembeni kwa hesabu za sehemu, moja kwa nne, tatu kwa nane, saba kwa kumi na sita. Mimi nilikuwa nimeacha shule kabla ya kuzifikia hesabu hizo, na sote gerejini tulizijua soketi kwa sura tu, kama watu wanavyojua mbuzi wao, isipokuwa nusu ambayo jina lake ni rahisi. Sikuweza kusema kwa yakini kama saba kwa kumi na sita ni kubwa kuliko tatu kwa nane. Basi nikazilinganisha kwa kuzisimamisha sakafuni mdomo juu, moja kando ya nyingine, nikipitisha kidole. Zilipokwisha kukaa sawa nilisoma hesabu zilizochongwa kwa mpangilio huo, na palepale nikaelewa kanuni yake, bila mwalimu. Kila kitu nilichojifundisha baadaye, vitabu vyote vilivyo kwenye rafu yangu, vilianzia kwenye sakafu ile. Nimewahi kuulizwa nilianzaje kujisomea na huwa nasema nilipenda hesabu. Si uongo, lakini si jibu.

Niling'oa misumari ya Kariuki. Baadhi ilitoka na vipande vya mbao. Nikapiga mstari mmoja, ndogo kushoto, kubwa kulia, kama ngazi inayopanda, na sikuacha msumari mtupu hata mmoja ila wa nusu. Juu yake nikaangika kifuniko chake cha machungwa. Ndipo Bwana Pritam aliporudi. Aliukagua ubao, viatu vyake vya hekaluni mkononi. "Kariuki atakasirika," alisema.

"Akikasirika, Bwana, itakuwa yuko hapa," nilisema. Aliufunika ubao kwa shuka.

Jumatatu niliushika ubao magotini nyuma ya pikapu, na ofisini niliusimamisha juu ya meza huku nimeushika kwa mikono miwili usianguke. Afisa alikuwa kijana, ana mafua, na chai yake ilikuwa imeshafanya utando. Alitoa soketi yetu kwenye mkebe wa sigara. Ilikuwa imefungwa kikaratasi kwa uzi, na nilipoiona kitu pekee nilichokifikiria ni kwamba imeanza kuota kutu mdomoni. Alipitisha kidole kutoka kushoto, taratibu, akapanda ngazi ile. Alipofika kwenye kifuniko akasimama. Bwana Pritam alieleza sheria ya vifuniko, akachanganya maneno, akarudia. Afisa alikitoa kifuniko, akaiweka soketi kwenye msumari, akarudi nyuma kwenye kiti chake kuangalia. Ilikaa. Ya kushoto yake ilikuwa ndogo kidogo, ya kulia kubwa kidogo. Hata mimi niliyeipanga niliona kana kwamba imezaliwa hapo. Alipiga chafya, akaandika mstari mmoja, akaitoa nusu na kuirudisha kwenye mkebe. Kifuniko akanipa mimi. "Hii itabaki hapa," alisema kuhusu soketi. "Huyo mtu ataenda na wengine."

Hiyo ndiyo ilikuwa habari njema. Kariuki hatanyongwa, atapelekwa kambini, na akitoka kambini atapelekwa kwenye hifadhi, eneo walilotengewa watu wake. Njiani kurudi Bwana Pritam alilia akiendesha, akitumia mkono mmoja kujifuta, nami kule nyuma nilikuwa nimeukumbatia ubao nikihesabu kichwani ni saizi gani inapaswa kuwa kati ya nusu na tano kwa nane. Nilijua kuna jambo kubwa limetokea. Nilijua kama unavyojua kwamba kesho ni Jumanne. Tulipofika Mama Jasbir alituwekea chakula, Mama Njoroge akaja akaambiwa, akakaa chini palepale kwenye saruji na kujifunika uso kwa kanga, na mimi nikaomba chumvi.

Niliangika ubao mahali pake na kifuniko kwenye msumari mtupu. Hatukuupanga upya. Bwana Pritam alihofu wasije wakaja kuangalia kama kweli ndivyo ulivyo siku zote, na hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Pia hakununua nusu nyingine. Kila aliponiona nikihangaika na spana ya ringi alisema, "Kifuniko iko. Mwenyewe hajatoa." Alileta mtu wa kunisaidia, mzee mmoja mpole, lakini kwa kibarua tu, na hakumpa kifuniko. Tuliishi hivyo mvua zote za mwaka ule na kiangazi kilichofuata. Mimi mwenyewe niliuzoea mpangilio mpya kwa taabu. Macho yalijifunza haraka, mikono ilikataa.

Kariuki alirudi kuelekea Krismasi ya mwaka uliofuata, kwa kibali ambacho Bwana Pritam alikuwa amekisumbukia kwa kwenda na kurudi. Aliingia akiwa amekonda, na kichwa kimenyolewa. Mama Jasbir alimwekea chapati na dengu, achari kando. Nikamwambia, "Kilemba chako kimepotea wapi?" Alitabasamu kwa adabu, kama unavyomtabasamia mgeni. Alipovaa ovaroli yake ya akiba, ambayo mkewe alikuwa ameiweka, niliona mifuko yote miwili imeshonwa mdomo kwa uzi mweusi, mishono midogo iliyobana.

Tulikuwa na lori shimoni. Alishuka, akachomeka mpini, akainua mkono wa kulia bila kuangalia. Mkono ukateremka na soketi ya gurudumu. Akairudisha. Akainua tena, ukateremka na kitu kingine kisichofaa. Akatoa kichwa nje ya shimo na kuutazama ubao, tangu mwanzo wake mpaka mwisho.

"Nani alipanga hii?"

"Mimi," nilisema. Nikamweleza yote, afisa, meza, kidole, mkebe. Hakuwa ameambiwa. Kule kizuizini alikuwa ameitwa siku moja akaambiwa asimame upande mwingine, basi, na kwa miezi yote hiyo hakujua kwa nini.

"Kumbe ilikuwa hii," alisema.

"Tunaweza kuirudisha ya zamani. Nakumbuka kila moja ilipokuwa. Leo jioni nitapiga misumari."

"Iache."

"Lakini mkono wako..."

"Iache, Wafula."

Akatoka shimoni, akakitoa kifuniko chake kwenye msumari wa nusu. Alitafuta pa kukiweka, mkono ukagusa mfuko ulioshonwa, akabaki amekishika. Mwishowe alikiweka dirishani. Alifanya kazi mpaka jioni, na kila alipohitaji soketi alitoka shimoni, akageuka, akaangalia, akachagua, akairudisha ukutani palepale alipomaliza, mkono wazi, kila mtu aone. Kazi ya saa moja ilichukua nusu siku. Mwaka mpya ulipoanza Kariuki alipata kazi kwingine, nami baada ya muda nikaondoka pia. Tulionana mara chache, sokoni, harusini, na tulizungumza juu ya bei ya vipuri. Sikuwahi kumuuliza kama alinikasirikia. Kitu cha kwanza nilichofanya nilipopata gereji yangu mwenyewe kilikuwa kupiga misumari kwa mpangilio wake wa kwanza, kama nilivyoukumbuka.

Njoroge alinikuta nimemaliza chai, akanipeleka nyuma ya nyumba. Gereji ya Kariuki ilikuwa safi kuliko sebule za watu wengi. Sakafu imefagiliwa, madebe yamefunikwa, na ukutani ubao wa mvule wenye mstari mmoja wa misumari. Soketi zilikuwa seti nzuri ya kisasa, zinang'aa, ndogo kushoto, kubwa kulia, zinapanda kama ngazi. Hapakuwa na pengo. Hapakuwa na kifuniko cha soda.

"Tulijaribu kumwambia aweke zile za kila siku karibu," Njoroge alisema. "Mafundi wote wanafanya hivyo. Alikataa kabisa. Hata mgongo ulipoanza kumsumbua, alikuwa anatoka chini ya gari kuja kuangalia. Alituambia, panga hivi, ndio mtu asiyejua kazi akiingia aone hakuna kitu kimetoka."

"Alisema ni mtu gani?"

"Hakusema. Jioni alikuwa anakuja kusimama hapo ulipo, anaziangalia, halafu anafunga mlango." Akanigusa bega. "Chukua moja, Mzee. Ya ukumbusho. Mama amesema wewe ndiye wa kwanza."

Nilimwambia nitachukua nusu. Alikuwa amesimama kati yangu na taa, na ubao ulikuwa upande wangu wa kulia, usawa wa kifua. Niliinua mkono bila kuangalia, ukaenda wenyewe mahali unapopajua, na ukateremka na kitu kingine.